Molekuli Hii ni Mtoto wa Nani?

Mjukuu wangu alifeli kemia, na mimi niliyeishia darasa la pili ndiye niliyesema hatuachi.

Si kemia yote. Ile ya mwanzo, ya chumvi na vipimo, aliimaliza vizuri. Iliyomwangusha ni kemia ya kaboni, ambayo wanafunzi wa hapa Texas wanaiita ogani. Itaje mbele yao uone wanavyokunja nyuso kama watu waliotafuna kwinini. Mjukuu wangu anataka ufamasia. Skuli ya ufamasia iko Houston, na walishamwandikia kwamba nafasi wamemwekea, ila alete B ya ogani. Akaleta D. Chuo chake kikamwambia unaweza kurudia, lakini kurudia ni mara moja tu. Akikosa tena, nafasi ya Houston anapewa mwengine, na hadithi imekwisha.

Habari hiyo alinipa jikoni kwetu Carrollton, begi bado liko mgongoni. Nilikuwa nakaanga samaki, mlango wa kioo wa roshani nimeuacha wazi ili kile kidude cha moshi kilichobandikwa darini kisianze kupiga kelele zake.

"Bibi, I'm done," akasema. Akaona nageuza samaki tu, akaleta Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nimemaliza. Sitaki tena."

"Umemaliza nini na wewe hujafika popote?"

Mama yake alikuwa ameingia muda si mrefu kutoka zamu, kakaa mezani anavua viatu. Huyu ndiye mwanangu niliyemzaa. Ni nesi, kama nusu ya wanawake tunaojuana nao huku. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mimi nimesema toka mwanzo aingie unesi. Nesi anapata kazi kesho asubuhi."

"Yeye hataki kuwa nesi."

"Mama, na mimi nilitaka kuwa nani? Nilitaka kula. Mwache mtoto, usimpe tamaa ya bure."

"Wewe ulipoondoka Unguja ulikuwa na tamaa gani? Ya kulipiwa?"

Akakisukuma kiatu chini ya meza. Samaki akaungua upande mmoja, na tulimla hivyo hivyo.

Mimi ni mbishi, sitafuti neno jengine la kujipamba. Nimewahi kubishana na daktari kuhusu goti langu mwenyewe mpaka akaenda kumwita mwenzake. Usiku ule nililala, na asubuhi nikamwuliza mjukuu: huyo profesa wako anasema mtu afanye nini ili ajue? Akaniambia, anasema tumfundishe mtu asiyejua kitu. Ukiweza kumfahamisha mtu asiyejua, basi wewe unajua.

"Basi mimi hapa. Mtu asiyejua kitu kunishinda mimi utamtoa wapi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Bibi, hata Kiingereza hujui."

"Ndiyo vizuri. Hutaweza kujificha nyuma ya maneno makubwa."

Lazima niseme jambo hapa, kwa wale ambao kwao hakuna. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, maana wote wawili mume wao ni mmoja, babu. Babu mwenyewe alikufa zamani, huyu mtoto hakuwahi hata kumwona, lakini uke wenza wetu haukufa naye. Akinitukana sikasiriki, nikimtukana hakasiriki. Mama yake hawezi kumfundisha kitu wala kufundishwa naye. Wakianza wao, wanaishia kununiana mpaka wiki ijayo. Sisi tunapigana, kisha tunakula sahani moja. Kwa hiyo darasa hili lilikuwa la wake wenza, si la mwalimu na mwanafunzi, na ndiyo maana lilidumu.

Tulikuwa tunakaa baada ya sala ya laasiri. Karatasi zilikuwa ndogo kwa macho yangu, basi akawa anachora juu ya kile kioo cha mlango wa roshani kwa kalamu nene ya kufutika, mimi nimekaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai.

Akaanza. Kaboni ina mikono minne, haitulii mpaka yote minne imeshika kitu. Kaboni hushikana na kaboni, zikafanya mnyororo mrefu, au zikazunguka zikafanya duara. Hapo nilifahamu bila taabu. Kisha akafika kwenye kitu ambacho hakuwa na jina lake kwa Kiswahili.

"Ni ile part… ile sehemu, Bibi. Inayofanya kazi."

"Sehemu gani?"

"Huu mkia mrefu wa kaboni haufanyi kitu. Umekaa tu. Lakini hiki kilichobandikwa hapa mwisho ndicho kinachofanya mambo yatokee. Ukikijua hiki, unajua molekuli itafanya nini."

"Basi sema mdomo. Mtu mzima, na miguu yake na tumbo lake, hagombani na jirani. Kinachogombana ni mdomo."

Alinitazama. Akaandika. Baadaye sana niliambiwa kwamba Kiswahili cha vitabuni ni kikundi tendaji. Sawa, ni neno zuri, lakini sisi tulishazoea mdomo.

Mdomo wa kwanza tuligombana. Alichora oksijeni iliyoshika hidrojeni, akaniambia kila molekuli yenye mdomo huu inaitwa alkoholi.

"Futa."

"Bibi…"

"Kioo changu, hatua mbili kutoka mswala wangu, unaniandikia ulevi? Futa."

"Si ulevi! Ni ukoo mzima. Pombe ni mmoja tu katika ukoo. Hata ile glisirini unayojipaka mikononi ni alkoholi. Tena ana midomo mitatu."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Wallahi, Bibi."

Nikaitazama mikono yangu, laini kama ya bibi harusi kwa sababu ya hiyo glisirini. "Haya, mchoro uache. Jina usiliandike."

Akanipa wengine. Mdomo wa siki, ambao ni asidi: kaboni iliyoshika oksijeni moja kwa mikono miwili, na pembeni imeshika oksijeni nyingine yenye hidrojeni. Mdomo wa esta, ndio unaoipa ndizi mbivu harufu yake. Ketoni, ambazo ndogo yao kuliko zote ni ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Na amini, wenye naitrojeni, ndio harufu ya samaki aliyelala.

"Ndiyo maana tunamtia ndimu?"

"Ndiyo. Asidi ya ndimu inaikamata amini, inageuka chumvi. Chumvi hairuki hewani, kwa hiyo pua yako haiipati."

Hilo lilinifurahisha siku nzima. Nilimsimulia mama mmoja wa Mombasa dukani tulipokuwa tunachagua mihogo ya barafu, akaniambia, "Dada, wewe nenda kapumzike."

Majina ya midomo yalikwisha kwa amani. Vita vilianza tulipofika kwenye kuichanganya, mdomo na mdomo, kitu kikaingia na kitu kingine kikatoka.

Alichora kwenye kioo: kushoto asidi na alkoholi, katikati mshale, kulia esta na maji. Akarudi nyuma, akakunja mikono kama profesa. "Haya, mwanafunzi. Nisomee."

Nikasoma. "Esta alikaa na maji, wakaachana, akatoka siki na yule nisiyemtaja."

"Hapana! Bibi, umesoma kinyume."

"Nimesoma nilivyofundishwa kusoma."

Na ni kweli. Mimi kusoma nilifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa mdogo sana, na herufi za pale zinaanza mkono wa kulia kwenda kushoto. Fimbo ya mwalimu ilikaa kulia vile vile. Skuli ya serikali nilikwenda baadaye, na yale madarasa mawili hayakutosha kuligeuza jicho langu. Mpaka leo, chochote kilichoandikwa ukiniwekea mbele, jicho linaangukia kulia kwanza, kisha linatambaa.

"Huoni mshale, Bibi? Mshale unakwenda huku."

"Naona. Nilidhani unamwonyesha aliyezaliwa. Kwamba huyu hapa, mtazameni."

Akapumua kwa nguvu. Akasema, hii moja kwa bahati inaweza kurudi kweli. Ukizidisha maji, esta inavunjika, asidi na alkoholi wanarudi walivyokuwa. Lakini nyingi hazirudi, Bibi, kwa hiyo tafadhali anzia kushoto.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Lakini kila akichora, jicho langu lile lile, na mdomo wangu nao unauliza kile unachomuuliza kila mtu. Kwetu mgeni haanzi kuulizwa jina lake. Jina litakusaidia nini? Anaulizwa, wewe mtoto wa nani? Mama yako nani? Mama yake mama yako ni wa wapi? Unamfuata hivyo hivyo mpaka umpate mtu unayemjua, hapo sasa unajua umekaa na nani. Hata huku, kwenye harusi za watu wetu, nikimpata kijana nampeleka nyuma mpaka kwa bibi yake, na mjukuu wangu hujificha kwa aibu. Basi na hizo molekuli nilizifanyia hivyo hivyo. Akimaliza kuchora tu, namnyooshea kidole yule wa kulia: "Huyu mtoto wa nani?"

Siku moja akachoka. Akaitupa kalamu kwenye kochi.

"Bibi, unanichanganya! Mtihani hausomwi kwa Kiarabu!"

"Na ule ulioufeli ulisomwa kwa lugha gani?"

Maneno yalikuwa makali, hata kwa mke mwenza. Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mama yake alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alikwenda akachukua karatasi za kuombea skuli ya unesi, akaziweka katikati ya meza ya kulia chakula, pale ambapo kila mtu lazima azione. Akaziegemeza kwenye chupa ya maji ili zisianguke.

"Umefanya kusudi," nikamwambia.

"Nimefanya kusudi, Mama. Muhula unakwisha."

"Haujakwisha."

"Akifeli tena utamwambia nini? Wewe utakuwa umekaa kwenye kiti chako na chai yako. Atakayelia ni yeye."

Nilijua mwanangu hasemi kwa ubaya. Alikuwa amemwona mtoto wake akirudi na ile D, na hakutaka kuiona sura ile mara ya pili. Lakini nami sikutaka kumwona mjukuu wangu ameingia katika kazi kwa sababu mlango mwengine ulimshinda. Unesi ni kazi ya heshima kwa anayeuchagua. Kwa aliyekimbilia humo, ni adhabu yake na ya wagonjwa.

Kesho yake, baada ya laasiri, nilimgongea.

"Toka. Lete huo mtihani ulioufeli."

"Wa nini?"

"Niutazame. Nimekwambia nisomee? Nimekwambia niutazame."

Akauleta. Karatasi zimejaa wino mwekundu kama kuku kachinjwa juu yake. Nilifunua moja moja. Yale maswali ya midomo alikuwa amepata mengi. Yale ya kuchanganya, hiki ukitia na hiki kitatoka nini, alipata nusu. Kisha nikafika ukurasa ambao wote ni mwekundu, na nikaona kitu cha ajabu. Mkono wa kulia pamechorwa molekuli moja kubwa, nzuri, imekamilika. Kisha mshale. Kushoto kwa mshale hapakuwa na kitu isipokuwa mwandiko wa mjukuu wangu, umefutwa, umeandikwa, umefutwa tena.

"Mbona huku walipaacha patupu?"

"Ndiyo swali lenyewe, Bibi. Wanakupa kitu cha mwisho, wanataka uwaambie utakitengeneza vipi, kwa vitu vidogo."

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nilianza na kitu ninachokijua. Nikaongeza kingine. Nikaongeza kingine. Nilitegemea nitafika."

"Kama mtu anayetaka kwenda Houston, akapanda basi la kwanza linalopita."

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwekea kidole kwenye ile molekuli. Na naapa sikuwa na maana yoyote, sikuwa na hekima iliyofichwa. Niliuliza kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa najua kuuliza.

"Sasa kushoto hakuna mtu. Aliyepo ni huyu. Huyu mtoto wa nani?"

Alifungua kinywa anijibu vibaya. Kikabaki wazi. Akaivuta ile karatasi kwake, akainama.

"Huyu ana mdomo wa OH, ule wa alkoholi," akasema.

"Naam."

"Na kaboni iliyoushika ina majirani watatu. Kaboni, kaboni, kaboni." Alikuwa anagusa mmoja mmoja kwa ukucha. "Si wote watatu waliozaliwa hapa. Mmoja kahamia."

"Kaletwa na nani?"

"Na magnesi, ile metali. Magnesi inamchukua kaboni, inamfanya awe na njaa, inampeleka kwenye ketoni. Akifika anang'ang'ania pale pale, na ile oksijeni ya ketoni ndiyo inageuka kuwa mdomo wa OH." Akaweka kidole juu ya mstari mmoja, kama anaukata. "Kwa hiyo kabla huyu hajahamia, hapa palikuwa na ketoni. Bibi! Wazazi wake ndio hawa!"

"Alhamdulillahi. Harusi lini?"

Hakucheka. Alikaa chini kwenye zulia, kaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Profesa anasema kila siku. Anzeni mwisho, mrudi nyuma. Anasema kila siku, Bibi. Niliiandika na sikuisikia."

Basi profesa wake alikuwa anajua, ni haki yake nimpe. Mimi nilikuwa nimekaa tu, jicho langu bovu limeelekea upande uliotakiwa.

Kuanzia hapo tulifanya kazi ya kweli. Alikuwa anamchora yule wa kulia peke yake kwenye kioo, kushoto patupu, na mimi nauliza. Mtoto wa nani? Na huyo mzazi, naye mtoto wa nani? Twende, twende, mpaka tufike kwa vitu vidogo vinavyouzwa kwenye chupa. Akifika, ndipo anageuka na kusoma kwenda mbele, kushoto kwenda kulia, na kuona kama kila hatua inakubali.

Na mimi nilikosea, nisije nikajisifu bure. Mimi nilitaka kila mtoto awe na wazazi wawili. Akanichorea ketoni.

"Mama yake ni alkoholi. Imenyang'anywa hidrojeni mbili, basi."

"Baba?"

"Hana."

"Hana vipi? Astaghfirullahi, chuoni mnafundishwa haya?"

"Bibi, ni yeye yule yule! Kabadilika mdomo tu, hakuna mtu mwengine aliyeingia."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilishindwa, na nilikubali kwa shida. Lakini baada ya ugomvi ule hakuisahau tena: kuna molekuli zilizozaliwa na wawili, na kuna zilizobadilika zenyewe, na ukianza kumtafutia baba asiyekuwepo umepoteza swali.

Kosa lake kubwa lilikuwa maji. Kile kitu cha magnesi kinaogopa maji vibaya sana. Kikigusa maji, kimekufa, hakipeleki kaboni popote.

"Hata unyevu wa hewa?"

"Hata unyevu wa hewa."

"Basi huyo Houston, na unyevu wake ule, asiende. Atakufa kabla ya kushuka kwenye gari."

Maji yanatakiwa, lakini mwisho, kaboni ikishafika na kushika. Mjukuu wangu alikuwa anayaandika mwanzo, pamoja na kila kitu, kwa haraka zake. Nilifanya kazi ya askari. Sikujua kingine chochote kuhusu swali lile, lakini kila akimaliza nauliza, "Maji umeyatia wapi?" Akiyatia mapema, anafuta yote na kuanza upya. Alinichukia. Alisema nitamtokea ndotoni. Nikamwambia nitakuja na ndoo.

Siku moja mama yake alirudi mchana, viatu mkononi kama kawaida yake, akasimama nyuma ya kochi. Hatukumsikia. Mjukuu alikuwa kwenye kioo, hana kitabu, hana simu, anaongea Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika kama pilau, anarudi nyuma hatua baada ya hatua, anajiuliza na kujijibu. Aliyatia maji mwisho bila kukumbushwa. Alipogeuka akamwona mama yake.

"Hi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Endelea."

Akapita. Alipofika mezani alizichukua zile karatasi za unesi, akaziweka juu ya friji. Hakuzitupa. Mwanangu si mtu wa kutupa vitu. Lakini juu ya friji ni mbali na macho.

Siku ya mtihani nilimwambia nakwenda naye. Akasema Bibi, nobody brings their grandmother, hakuna anayekuja na bibi yake. Nikamwambia basi utakuwa wa kwanza. Tulipanda treni asubuhi, nimevaa buibui langu jipya, chupa ya chai kwapani. Njia nzima alikuwa anapigapiga magoti kwa vidole. Sikumuuliza yeyote ni mtoto wa nani. Kuna wakati wa kuuliza na kuna wakati wa kumwachia mtu kichwa chake. Alipoingia, nikakaa kwenye benchi nje ya jengo, nikasoma nyiradi zangu, nikanywa chai, nikawatazama watoto wa watu wanavyokimbia. Mmoja aliniuliza kitu kwa Kiingereza, nikamwambia "organic," akanishika bega kwa huruma.

Alitoka uso hausemi chochote.

"Usiniulize, Bibi."

"Nimeuliza?"

Kwenye treni, tulipokuwa tumeshapita vituo kadhaa, akaanza mwenyewe. Kulikuwa na molekuli moja kubwa, kulia peke yake, kushoto patupu. Akasema alimfuata mpaka kwa bibi yake. Lakini swali jengine, la zile kaboni za duara, aliliacha nusu, muda ulikwisha, na hajui kama nusu itamwangusha. Akageukia dirishani. Nikamwona anafuta macho kwa mkono wa sweta, nikamwacha. Nilitaka kumwambia umepita. Sikusema, maana sikujua, na mke mwenza hadanganywi.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Nilifagia mahali palipofagiliwa. Mama yake alikuwa anapika, jambo ambalo si la kawaida, na vyakula vyote vilizidi chumvi.

Matokeo yalikuja mchana wa jua kali. Mama yake alikuwa amelala, ametoka zamu. Mjukuu alikuwa amekaa sakafuni na simu, nikasikia kapumua ndani na hakupumua nje.

"Nini?"

Akaniinulia simu, kana kwamba mimi nitasoma. Nilisoma. Herufi moja hata mimi nasoma.

"B hiyo?"

"B."

"B ile tuliyokuwa tunaitaka, au kuna B nyengine?"

"Ndiyo hiyo, Bibi. Ndiyo hiyo!"

Nilipiga kigelegele ambacho ghorofa nzima ilikisikia, na jirani akagonga ukuta. Nikapiga cha pili kwa ajili ya jirani. Mwanangu alitoka chumbani mbio, kafunga kanga upande upande, anadhani kuna moto. Alipoambiwa alisimama pale pale. Kisha akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akakibana. Walikaa hivyo muda mrefu kwa watu waliozoea kununiana.

"Houston mbali," hatimaye akasema.

"Mbali na nini?" nikamwuliza. "Wewe kutoka Unguja mpaka hapa ulikuja kwa miguu?"

Siku ya kujiandikisha ilipofika, mwanangu akaomba ruhusa kazini. Yeye ndiye aliyetuendesha, asubuhi, barabara ile ndefu ya kuteremka kusini isiyokuwa na cha kutazama isipokuwa ng'ombe na matangazo. Tulipofungua milango ya gari Houston, joto lilituvaa kama blanketi bichi. Jengo la skuli lilikuwa kubwa, kioo kitupu, na mlangoni kijana akatuambia wanaojiandikisha tu ndio wanaoingia, wazazi wanaweza kungoja nje. Mjukuu akanipa mkono, nikambusu, akaingia na begi lake. Watu walikuwa wengi ndani, na punde si punde sikuweza kumtofautisha na wenzake.

Mama yake alibaki ameshika funguo, anakitazama kile kioo.

"Sasa tunafanya nini?" akaniuliza.

"Tunamtafutia chumba."

"Mama, hajamaliza hata kujiandikisha."

"Atamaliza. Washa gari. Tuanze na mitaa hii ya karibu, asije akawa anakaa mbali na skuli."

Akawasha gari.